Mto Ndio Weu Uliosalia

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi dogo la likizo. Kila mmoja alitakiwa aende kwao, akae na wazee, kisha arudi na maneno yote yatumiwayo katika lugha yake kuitaja ardhi: ardhi ya kulima, ya kulisha, ya kutambikia, na ile ya kupita tu. Sikuwa na nia ya kuzungumzia mazingira. Nilitaka waone kwamba msamiati wa lugha ni ghala, na kwamba kila kilichomo humo kiliwekwa na watu waliokuwa na haja nacho. Lakini binti mmoja kutoka Makueni alirudi na daftari ambalo halijaniondoka mawazoni tangu siku hiyo, na ndilo lililozaa makala haya.

Katika daftari lile aliandika maneno matatu ya Kikamba: ng'undu, kisesi na weu. Ng'undu aliieleza kuwa ni shamba ambalo mtu alilifyeka mwenyewe, au alilofyeka babu yake, likawa mali ya jamaa yake. Kisesi ni malisho yaliyotengwa na mtu karibu na boma lake, ambamo mifugo ya jirani haiingii bila ruhusa. Weu, kwa tafsiri yake, ni pori. Kwa maneno mawili ya kwanza nilimpa alama zote. Kwa lile la tatu nilimkata alama moja, na tukabishana kwa muda wa saa nzima.

Katika Kiswahili, tukisema pori tunakusudia mahali penye miti na nyasi pasipokaliwa na watu. Weu haukuwa hivyo. Ulikuwa na wenyewe, ila hawakuwa mmoja mmoja. Wakazi wa eneo moja walilisha mifugo yao humo, wakatundika mizinga ya nyuki, wakakata kuni na fito za kujengea. Mtu akifyeka sehemu ya weu na kuilima, kipande kile kiligeuka kuwa ng'undu yake. Asipoilima, hakuwa na haki ya kumfukuza mwenziwe. Neno hili basi limebeba ndani yake matumizi, haki, na mpaka wa haki yenyewe. Ukilitafsiri kuwa pori umevitupa vyote vitatu na kubakiwa na miti. Ndivyo walivyofanya watawala wa kikoloni walipoingia Ukambani: waliona miti na nyasi, hawakuona wenyewe.

Matokeo ya tafsiri hiyo mbaya yaliandikwa juu ya ardhi, na yalichukua miaka mingi kufutika. Vilima vya Mua vikatwaliwa na walowezi. Uwanda wa Yatta ukatangazwa kuwa ardhi ya Serikali ya Kifalme, na wafugaji waliokuwa wakiutumia tangu hapo wakahitaji kibali. Ng'ombe ambao zamani walihamishwa kutoka mlimani hadi nyikani kwa kufuata mvua, sasa wakabanwa mlimani mwaka mzima. Ukaja ukame, wakaja nzige mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa ile ya 1930. Nyasi zikaliwa hadi mzizi. Udongo ukabaki uchi, jua likaugandisha juu kama ganda la mkate, na mvua kubwa iliponyesha maji hayakupata pa kuingia. Yakateremka mbio, na udongo nao ukateremka pamoja nayo. Makorongo yakafunguka katika miteremko ya Iveti, Kangundo na Mbooni. Mwaka 1937 ofisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti iliyoiona nchi ya Wakamba kama nchi iliyokwisha kugeuka jangwa.

Maofisa wa wakati huo walikuwa na jibu jepesi: ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe. Mwaka 1938 mifugo ikaanza kukamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini, mingi ikaelekea kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River. Wakamba wakakataa. Wake kwa waume walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali nayo ililazimika kuacha kuwakamata ng'ombe. Historia hii hufundishwa shuleni kama sura ya siasa, na ni haki ifundishwe hivyo. Ila mimi huiona pia kuwa ni ugomvi juu ya maana ya neno weu. Serikali ilihesabu ng'ombe na kuwaona wengi. Wenye ng'ombe walihesabu malisho na kuyaona yamepungua. Kila upande ulikuwa sahihi kwa hesabu yake, na udongo uliendelea kwenda zake.

Sasa naomba nifurahi kidogo kama mtu wa lugha, maana katika masaibu haya Kiswahili kilipata neno ambalo leo limezunguka dunia. Neno lenyewe ni fanya juu. Ukifungua kitabu cha hifadhi ya udongo kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wahandisi wa Ethiopia au wa nchi nyingine za mbali, utalikuta limeandikwa hivyo hivyo bila kutafsiriwa. Wasanifishaji wetu wa lugha pengine wasingelipitisha, kwani si nomino wala si kitenzi kilichokamilika. Ni amri iliyogeuka jina. Mimi binafsi nasikia ndani yake sauti ya nyapara aliyesimama ukingoni mwa mtaro akiwaamuru watu watupe udongo upande upi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unapima mstari unaokata mteremko kwa usawa. Unachimba mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu ya mtaro ufanye tuta. Juu ya tuta unapanda nyasi, aghalabu mabingobingo, ili mizizi ilishike na ng'ombe wapate chakula. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka shambani yanagota kwenye tuta, yanatulia, yanaacha udongo wake hapo na kuzama ardhini. Msimu baada ya msimu udongo unajaa nyuma ya tuta, na baada ya miaka michache mteremko umegeuka ngazi. Ukitupa udongo upande wa chini, hiyo ni fanya chini. Kazi yake ni nyepesi zaidi, lakini ngazi haiji upesi, na tuta lisilo na kinga hubomoka. Hiyo ndiyo tofauti ya kutupa juu na kutupa chini, na kila mwalimu wa Jiografia anaweza kuionyesha kwa jembe moja nyuma ya darasa.

Mwanzoni kazi hii ilichukiwa. Baada ya mwaka 1946 ilifanywa kwa kulazimishwa, na mtaro ukawa sawa na kodi na kipande. Katika miaka ya 1950 hali ilianza kubadilika kwa sababu mbili. Moja ni kwamba kazi ilirudishwa kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani kusaidiana zamu kwa zamu, na wengi wa wanamwethya hawa walikuwa akina mama. Ya pili ni kahawa. Mwafrika wa Machakos aliporuhusiwa hatimaye kupanda kahawa, sharti lilikuwa kwanza achonge matuta. Tuta likawa na faida inayohesabika mkononi. Uhuru ulipokaribia, watu waliacha matuta ya kulazimishwa yabomoke, wala siwalaumu. Lakini haikupita miaka mingi kabla hawajaanza kuyachimba upya bila kusukumwa na mtu. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 tunakumbuka taarifa za habari za redio zilizojaa gabioni na viongozi walioshika mawe. Gabioni zilikuwa na kazi yake. Hata hivyo, aliyeirudisha milima ya Machakos ni mama mwenye sururu ambaye jina lake halikusomwa redioni.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu chenye matokeo ya utafiti wao kuhusu wilaya hii. Walionyesha kwamba idadi ya wakazi ilipanda kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na ilhali watu waliongezeka kiasi hicho, mmomonyoko wa udongo katika mashamba ulipungua, miti mashambani ikaongezeka, na mavuno kwa kila mtu yakapanda. Waliotabiri jangwa walikosea. Wapo wataalamu waliowajibu kwamba si kila nyumba iliyofaidi kwa kiwango kimoja. Jibu hilo ni la haki. Matuta mengi yalichimbwa kwa fedha zilizotoka nje ya shamba: mshahara wa askari, wa karani wa Nairobi, na wa mwalimu wa shule ya msingi. Asiyekuwa na mtoto wa kumtumia pesa alibaki na mteremko wake ulivyo. Lakini hata ukiondoa haya, picha za milima ya Mbooni za miaka ya 1930 ukizilinganisha na milima yenyewe leo, jibu unaliona kwa macho.

Ni wapi basi ardhi ilipopona? Imepona katika ng'undu na katika kisesi. Palipo na mtu wa kusema hapa ni pangu, na mwenye hakika kwamba mti anaoupanda utavunwa na mwanawe, hapo matuta yamesimama na mwembe unazaa. Tangu sheria ya mwaka 1968 ya kuamua haki za ardhi na kuzisajili, karibu weu wote wa milimani umegawanywa na kupewa namba. Kwa udongo wa mashambani, sina budi kukiri, mambo yalikwenda vizuri. Neno lenyewe, hata hivyo, lilikosa kazi. Ndiyo maana binti yule, mzaliwa wa huko huko na mwenye Kikamba safi, hakuwa na la kutafsiria ila pori. Alizaliwa baada ya weu kwisha.

Alizaliwa baada ya weu kwisha mlimani, yafaa niseme. Sasa tuteremke mtoni.

Mito mingi ya Makueni na ya Machakos ya chini haina maji juu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mgeni apitaye juu ya daraja huona barabara pana ya mchanga mweupe akadhani mto umekufa. Haujafa. Maji yamo ndani ya mchanga. Miamba ya nchi hii ni ya kale mno, na ikioza hutoa chembe nyingi za mchanga mzito. Mvua hubeba udongo wote pamoja. Ule laini hupelekwa mbali, wa kwenda Tana ukaingia katika bwawa la Masinga, wa kwenda Athi ukafika baharini, na chembe nzito hubaki njiani kitandani mwa mto. Kati ya chembe na chembe pana nafasi, na nafasi hiyo hujaa maji. Jua hukausha tabaka la juu, yapata nusu mita au zaidi kidogo. Maji yaliyo chini ya hapo yamejificha, hayaguswi na jua, hayazai mbu, wala ng'ombe hayakanyagi. Wenyeji wameyajua haya tangu zamani. Wanachimba kisima mchangani kwa mikono na kata, wanangoja maji yachuje, wanajaza mtungi. Kisima kwa Kikamba ni kithima, na huko Yatta kuna soko liitwalo Kithimani, ambalo Mswahili angeliita Kisimani asikosee hata herufi moja ya maana.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mimi sikulijua hadi nilipofika huko na wanafunzi. Mchanga huu, au sehemu yake, ni udongo uleule uliopotea mlimani katika miaka mibaya. Hasara ya mwenye shamba wa Mbooni ikawa tangi la maji la mtu wa chini asiyemjua. Wakamba wakaongeza akili juu ya bahati hiyo: wakaanza kujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za zege zinazokingama mto wa msimu juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na udongo laini huruka na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa umepata ghala la maji lisilohitaji paa. Kuta za namna hii zilianza kujengwa wakati wa ukoloni, na vikundi vya wenyeji vimeziendeleza hadi zimekuwa nyingi kuliko katika nchi nyingi zenye ukame kama wetu. Huu nao ni utumiaji wa ardhi, ijapokuwa haumo katika orodha tunazowafundisha watoto: kilimo, ufugaji, misitu, makazi, viwanda.

Kisha yakaja malori. Nairobi inajengwa, Athi River inajengwa, Mlolongo inajengwa, na hakuna zege bila mchanga. Lori linashuka mtoni usiku au mchana, vijana wanalijaza kwa sepetu, linaondoka. Kesho linarudi na wenzake. Nilisimama na wanafunzi kwenye daraja moja katika mto unaoingia Thwake, tukaona nguzo zake zikiwa na mstari wa rangi mbili: juu zege lililopigwa na jua kwa miaka mingi, chini zege jipya ambalo lilikuwa limezikwa. Mstari huo ulikuwa juu ya kichwa changu. Mchanga ulikuwa umeteremka hadi pale nilipoweka miguu, na mahali pengine mwamba ulikuwa wazi kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa akiteka maji alituambia kwamba zamani kisima chake kilifika kiunoni, na sasa kinamfunika, na kikimfunika hawezi kuteka bila mjukuu wa kumpokea mtungi. Mjukuu mwenyewe alikuwa hapo, siku ya shule, saa nne asubuhi. Walimu wa Makueni hawahitaji mimi niwaambie kwa nini daftari la mahudhurio lina mapengo mwezi wa Septemba.

Nilijaribu kufanya hesabu, na naomba msomaji wa Hisabati anisahihishe nikikosea. Tuchukue kwamba robo ya ujazo wa mchanga mnene ni maji yanayoweza kutekwa. Lori lenye mita 10 za ujazo limeondoka na nafasi ya lita 2,500, yaani mitungi 125 ya lita 20. Na mitungi hiyo haipotei mara moja. Kila mto ujaapo, mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, nafasi ile ingejazwa tena, sasa haipo. Mtu atasema mafuriko yataleta mchanga mwingine. Kweli, huleta. Ila mlima wa siku hizi una matuta, na matuta yamewekwa makusudi yauzuie udongo usiteremke. Hatuwezi kuomba mlima uushike udongo wake na wakati huo huo tukaomba mto ujaze upya kwa kasi ya malori. Utumiaji mzuri wa ardhi ya juu umeufanya mchanga wa chini kuwa mali isiyorudi upesi, na hili halikuandikwa katika mkataba wowote.

Simlaumu kijana mwenye sepetu. Anapata ujira wa siku, na ni mdogo ukilinganisha na bei ya lori lilelile likimwagwa Nairobi. Mahali ambapo mvua hukosa misimu miwili mfululizo, mto ndio mwajiri pekee asiyeuliza cheti. Nalaumu zaidi namna tunavyoufikiria mto. Shamba lina hati, kisesi kina ua, hata kaburi lina mwenyewe; mto ni wa kila mtu, na kwa hiyo umekuwa wa aliye na lori. Tumeutafsiri mto kuwa pori. Hivi ndivyo serikali ya kikoloni ilivyoutafsiri weu wa Yatta, tofauti ni kwamba safari hii watafsiri ni sisi wenyewe.

Sheria tunazo. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inaitaja mito kuwa ardhi ya umma. Mamlaka ya taifa ya mazingira ilitoa mwongozo wa uchimbaji mchanga mwaka 2007, na Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Hatua hizi zimesaidia, nami nazipongeza kwa dhati, kwa kuwa kabla yake ugomvi wa mchanga ulikuwa umefikia hatua ya watu kupoteza maisha. Lakini mtu wa lugha huuliza swali la kizamani: neno umma lina nani ndani yake? Weu ulikuwa na watu wanaojulikana, wenye kuonana sokoni na msibani, walioweza kumwuliza mtu kwa nini ng'ombe wake wamezidi. Umma hauonani msibani. Kamati ya kijiji inayopewa mto wake kwa maandishi, kutoka daraja hili hadi mkondo ule, iamue wapi pachimbwe na wapi pasiguswe, lini, na kwa malipo gani kwa shule na zahanati ya hapo, inaweza kuyafanya ambayo askari mmoja mwenye pikipiki hawezi. Mahali palipo na bwawa la mchanga, watu waliobeba saruji mgongoni tayari hulinda ukuta wao. Wanajua ni wao.

Mto si peke yake. Barabara nayo ni weu wa namna yake. Lami haimezi maji. Huyakusanya kwa kilomita nzima na kuyamwaga kwa karavati moja ndani ya shamba la mtu ambaye matuta yake yalipimwa kwa mvua iangukayo shambani, si kwa mvua ya barabara nzima. Nimeona matuta ya miaka 30 yakikatwa na korongo katika msimu mmoja wa masika, na mwenye shamba akitumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, kila moja ikimwambia maji si yake. Wakulima wengine werevu wamechimba mfereji wakayaingiza maji hayo katika mitaro ya migomba, hasara ikawa mgomba. Lakini hilo lataka mteremko wa kufaa na nguvu za mwili, na mzee niliyemwona hakuwa na vyote viwili. Kuhusu makaa sitasema mengi. Kila asafiriye barabara ya Mombasa ameyaona magunia, na miti inayokatwa aghalabu ni ile iliyosimama pasipo na mwenye kusema ni yangu.

Sasa lazima niseme yaliyo yangu, kwani ningekuwa mnafiki nikiyaficha. Kabla ya safari ile nilikuwa nimejenga nyumba. Si nyumba kubwa. Ni nyumba ya mhadhiri. Ilimeza malori saba ya mchanga, nami niliyalipia kwa furaha, nikachota mchanga kwa kiganja kama fundi alivyonifundisha, nikausugua kuona kama una udongo, nikausifu kwa usafi wake. Niliuliza bei. Sikuuliza mto. Kwa hesabu niliyoandika hapo juu, nyumba yangu inanywa mitungi 875 kila msimu wa mvua katika kijiji nisichokijua. Vyuo vyetu vinajenga mabweni, shule zinajenga maabara, na katika vikao vya ujenzi nilivyohudhuria tumejadili rangi ya vigae kwa saa mbili bila mtu kutaja chimbuko la mchanga. Mchanga wa mawe yaliyosagwa unapatikana, na mafundi wengi wanaujua. Bei na mazoea ndiyo yanayouzuia. Taasisi ya umma inaponunua mchanga inaweza kudai karatasi inayoonyesha umechimbwa wapi na kwa idhini ya nani, kama inavyodai risiti ya misumari.

Binti yule alimaliza masomo yake na sasa anafundisha. Kabla hajaondoka nilimrudishia alama moja niliyomkata, si kwa sababu tafsiri yake ilikuwa sahihi, bali kwa kuwa nilipotakiwa kutoa yangu nilishindwa. Nilijaribu malisho ya pamoja, nikajaribu ardhi ya jamii, na kila moja iliacha kitu nje. Katika orodha yetu ya maneno, mbele ya weu, pameachwa wazi.

Nilipofika nyumbani kutoka safari ile nilimpigia simu aliyeniuzia mchanga, nikamwuliza aliuchukua mto gani. Alikaa kimya kidogo, nadhani akijaribu kujua kama mimi ni mtu wa serikali. Kisha akanijibu: "Ukambani, Daktari." Nikamwuliza Ukambani wapi. Akasema hapo hajui, yeye huagiza tu.